Jahanamiya ya Upande wa Kushoto

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo Madam ametuita sebuleni, mimi na Rosebellah. Nikajua kuna kitu kimevunjika. Nikaanza kuomba msamaha kabla hajafungua mdomo. Akasema halas, Velma, nyamaza, hakuna kilichovunjika.

Kumbe ni likizo! Mmoja wetu anaweza kwenda nyumbani Desemba. Mwingine atangoja hadi Machi. Wote wawili kwa pamoja, mafi, hakuna. Nyumba ina watoto wanne na ngazi zisizoisha, nani atabaki?

Moyo ulinidunda kama unataka kutangulia uwanja wa ndege. Nekesa wangu anaanza shule Januari. Nilipomwacha kwa mama yangu kule Kimilili alikuwa akitembea anaanguka, anaketi, anajicheka. Sasa ni mtu wa kuvaa yunifomu! Nataka kumshika mkono siku hiyo mpaka kwenye geti la shule. Hilo tu. Nikienda Machi, geti litakuwa limeshamzoea.

Tatizo ni kwamba Madam hakujua amchague nani. Rosebellah ndiye mpishi, amekaa hapa Al-Malqa kabla hata Riyadh sijaisikia kwenye redio. Mimi ndiye ninayelala na mtoto mdogo. Madam akatazama nje, akatazama ndani, akatazama nje tena. Macho yakatua kwenye vile vyungu viwili vya mlangoni.

Vyungu hivyo aliletewa na mama yake anayeishi Jeddah, tunayemwita Mama Kubwa. Ni bogonvilia, ile ya miiba inayopanda ukuta wa misheni kule kwetu. Huku Waarabu wanaiita jahanamiya, kwa sababu ya ule wekundu wake, nadhani. Lakini hizi mbili hazijatoa hata ua moja tangu zifike, na Novemba shule zikifungwa tunakwenda Jeddah, na Mama Kubwa lazima ataziulizia.

Basi Madam akaamua. Chungu cha kushoto ni cha Velma. Cha kulia ni cha Rosebellah. Tutakwenda navyo Jeddah, mama yake atazame. Yenye maua mengi, mwenyewe anakwenda nyumbani Desemba. Yalla, kazini!

Rosebellah aliniuliza tukiwa jikoni kama nimewahi kukuza hata kitunguu. Nikamwambia kwetu tunalima mahindi marefu kumshinda yeye. Akasema hilo si gumu, hata meza inamshinda. Huyu mama hatukaniki.

Lakini nimeshashinda. Mtoto wa mkulima hapa ni nani?

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeitengenezea jahanamiya yangu chakula. Maji ya kuoshea mchele. Majani ya chai yaliyotumika. Maganda ya mayai, nimeyaponda kwa chupa. Inakula asubuhi, inakula adhuhuri, jioni inakunywa tena kabla sijafunga mlango.

Jua la hapa ni adui. Nimeifunika na mwavuli.

Robinson, dereva wetu, mtu wa Homa Bay, alikuwa anaosha gari. Akaniuliza nikimaliza kuinyonyesha nitaifunga mgongoni na leso au nitainunulia kigari cha kusukuma. Nikamwambia acheke vizuri, Desemba atanipeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Akasema atanipeleka, lakini huo mmea asiuone na mkanda wa usalama.

Madam ameuliza mwavuli wake uko wapi. Nimesema nitautafuta.

Jioni nikapiga simu nyumbani. Nekesa alitokea kwenye skrini na uso wote ni uji. Nikamwonyesha mmea. Nikamwambia mama akija, ni kwa sababu ya huu mti. Akauliza ua liko wapi. Nikasema limelala. Akasema likiamka nimwambie, yeye anaenda kucheza. Halafu akakata simu.

Akakata! Mwenyewe! Nani alimfundisha kile kitufe? Nilikaa na simu mkononi nikitazama picha yangu, mtu mzima aliyeshika jagi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimegundua siri ya Rosebellah.

Nilishangaa kwa nini simwoni akimwagilia. Kumbe haumwagilii! Amekisogeza chungu chake chini ya kile kimpira cha AC kinachotoka ukutani. AC ya sebule inanguruma kutwa, kimpira kinadondosha tone, tone, tone, na jahanamiya yake inakunywa bila mtu kuinua kidole. Mimi nabeba jagi hadi bega linauma, yeye ana mfanyakazi wake!

Nikafikiri sana. Nikafikiri nikikunja nguo, nikafikiri nikipiga deki ngazi. Halafu wote walipolala baada ya chakula cha mchana, nikatoka. Nimekivuta kimpira kidogo tu. Sasa kinadondokea kwenye ndoo niliyoificha nyuma ya chungu chake. Ndoo ikijaa, naibeba naimwaga kwangu.

Rosebellah hataiona. Magoti yake hayamruhusu kuinama.

Si wizi. Maji ya AC hayana kafili, mwajiri wa kuyashikia pasipoti.

Jumapili, 26 Oktoba

Ninyi nyote njooni mtazame! Jahanamiya yangu imenenepa. Majani mapana, ya kijani kibichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Matawi yamefika dirishani. Maua bado, lakini mtu hujengwa kwanza kisha ndipo avae.

Ya Rosebellah imeanza kupukutisha majani. Yaliyobaki yamejikunja, yameinama, yanatia huruma.

Asubuhi Rosebellah alisimama mbele ya chungu chake, mikono kiunoni. Akasema, akizungumza na mmea na siyo na mimi, kwamba usijali dada, hata yeye alikonda hivyo mwaka wake wa kwanza hapa na hakuna aliyeuliza. Halafu akarudi jikoni kukaanga vitunguu.

Sikuwa nimejua hilo. Kwamba alikonda. Mimi nilipofika ndiye aliyekuwa akinibakizia mkate chini ya sufuria, bila kusema.

Nilikaribia kukirudisha kimpira. Nilikwenda kabisa mpaka nikakishika. Lakini ndoo ilikuwa imejaa, na maji yaliyojaa lazima yamwagwe mahali, na mahali palipokuwa karibu ni kwangu.

Jumanne, 4 Novemba

Siku mbaya.

Nimempigia Nekesa. Nilitaka kumwambia nimemnunulia viatu vya shule, vile vya kubandika, visivyo na kamba, asihangaike. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama akija atamvalisha. Akaniuliza kumvalisha nini. Halafu akaweka mguu wake karibu na simu, mguu tu, ndio nikaona kiatu cha binamu yake, kikubwa kama mtumbwi, na vidole vyake vikazungusha kamba hivi na hivi, vikavuta. Kimefungwa! Akasema kukhu hata hakumfundisha, aliangalia tu watoto wakubwa. Kukhu ndivyo anavyomwita mama yangu.

Nikapiga makofi. Nikasema hongera mwanangu, hongera sana. Simu ilipokatika nikalia kwenye taulo za Madam.

Sijui nililia nini. Mtoto amejua kufunga kamba, mama analia! Mama yangu alikuwa amechukua simu kabla haijakatika, akasema Velma, muache mtoto, ukimbeba hata kwa simu atatembea lini. Nikamwambia yeye ni rahisi kusema, yeye yuko naye.

Halafu kuna jambo lingine. Ile ya Rosebellah ina ugonjwa. Kwenye ncha za matawi kumetoka vitu vyekundu vyekundu, vidogo, kama chunusi. Masikini. Ndio mwisho wake.

Jumatano, 12 Novemba

Si ugonjwa.

Ni maua.

Mti mzima! Majani karibu hakuna, lakini maua, maua juu ya maua, rangi ya zambarau inayowaka mpaka jirani wa ng'ambo amesimamisha gari kupiga picha. Madam ametoka nje na watoto wote. Rosebellah amesimama kando na mwiko mkononi kama mzazi siku ya mahafali.

Yangu: majani. Majani ya kulisha mbuzi wa kijiji kizima.

Haiwezekani. Mmea usiokunywa maji unachanuaje? Lazima ana dawa. Nikangoja aende kufagia mazulia juu, nikapekua kabati lake la jikoni. Nyuma ya bizari, ndani ya kitambaa, nikakuta kachupa! Hakana maandishi. Kana harufu kali inayopanda kichwani. Nikasema haya, nimekupata mama. Nikamimina yote kwenye jahanamiya yangu, shina, majani, mizizi, halafu jagi la maji juu yake ili iteremke vizuri.

Alhamisi, 13 Novemba

Majani ya chini yameungua.

Rosebellah anaulizia dawa yake ya magoti aliyotumiwa kutoka Busia. Anapanda ngazi upande upande kama kaa. Nimemsugua magoti kwa maji moto na chumvi hadi akasinzia. Akanishukuru. Akasema mimi ni mtoto mzuri, sema tu nina haraka.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini hapa ardhi yote ni marumaru.

Ijumaa, 21 Novemba

Tuko Jeddah. Safari ya kutwa nzima, jangwa kushoto, jangwa kulia, na ngamia mmoja aliyetutazama kama tunamdai.

Madam na mumewe, tunayemwita Baba, na watoto walikwenda na gari lao. Mimi, Rosebellah na vyungu viwili tulikuwa nyuma, gari la Robinson. Alivifunga mkanda wa usalama vyote viwili. Alinitazama tu kwenye kioo.

Nilikuwa na mpango. Nilikaa karibu na chungu cha Rosebellah na dirisha nililifungua. Upepo wa barabara kuu unapukutisha chochote, nikajua tukifika itakuwa vijiti. Maua yalitikisika, yakacheza, hayakutoka. Kilichotoka ni kitambaa changu cha kichwa. Kiko jangwani huko. Labda yule ngamia amekivaa.

Baadaye Rosebellah akanionyesha picha. Mama yake, pale Busia, ana miwani myeusi na anacheka bila meno. Amefanyiwa upasuaji wa macho. Kwa muda mrefu alikuwa anaona ukungu tu, sasa anaona hata sisimizi. Anamwambia kila anayekuja kwamba ameshaona kuku wote, ameshaona majirani wote jinsi walivyozeeka, sasa amebakiza kumwona Rosebellah. Rosebellah akasema amezeeka naye, mama atashtuka. Akacheka. Akarudisha simu kwenye mkoba na akaufunga zipu polepole sana.

Nilifunga dirisha.

Hakuniambia ili nimhurumie. Hilo ndilo linaloudhi. Angeniambia kwa hila, ningejua la kufanya.

Lakini Nekesa naye ana mama mmoja tu.

Jumamosi, 22 Novemba

Mama Kubwa atatazama vyungu kesho asubuhi. Alikuwa na wageni leo. Nyumba yake ni ya zamani, ina ua ndani na sakafu nyeupe kama maziwa, na paa limejaa mimea. Anatembea na mkongojo lakini analipanda paa mwenyewe.

Jioni Madam alimtuma Robinson sokoni Ghulail na akaniruhusu nikamsalimie binamu yangu Maryann, anayeishi huko na wenzake, chumba juu ya duka la simu. Ghulail ni kama nyumbani bila matope. Mtu anauza mihogo! Mtu akanisalimia Kiswahili kabla sijafungua mlango wa gari!

Maryann anapamba sherehe, harusi na sebule za watoto waliozaliwa. Nikamweleza shida yangu. Akacheka hadi akakaa kitandani. Nikaona juu ya kabati lake karatasi zile laini za kukunjakunja, rangi zote, na zambarau ikiwemo. Nikazishika. Nikakunja moja kwa vidole, hivi. Jamani! Ua la bogonvilia lenyewe ni kama karatasi, nani atajua?

Maryann akaacha kucheka. Akasema sikiliza, dada, hizi ni za ndani, penye AC, hewa ya Jeddah ni maji matupu, usiziweke nje. Nikamwambia nimesikia. Alikuwa anaongea sana na Robinson alikuwa anapiga honi.

Baada ya chakula nimekaa stoo nikikunja na kufunga na uzi wa kijani. Vidole vimejaa rangi. Miiba imenichoma kila mahali. Lakini ukiitazama kwa mbali, ukikunja jicho moja, imechanua. Nimeiambia mara moja tu, kesho. Halafu unarudi kuwa majani na mimi nakwenda kwa mwanangu.

Nimeiweka uani, karibu na ile ya Rosebellah. Pamependeza.

Jumapili, 23 Novemba

Andika, Velma.

Hewa ya Jeddah ni maji matupu.

Asubuhi niliposhuka, Mama Kubwa alikuwa ameshaketi uani na kahawa yake. Madam amesimama. Rosebellah amesimama. Jahanamiya yangu ilikuwa imevaa vitambaa vilivyolowa, na kutoka chini yake mto wa zambarau ulikuwa umetiririka juu ya sakafu nyeupe kama maziwa mpaka kwenye ndala za Mama Kubwa.

Madam akauliza ni nini hii. Nikasema ni umande. Wakatazama vidole vyangu. Nikavificha nyuma.

Mama Kubwa akachomoa ua moja kwa ncha ya mkongojo, akaliinua, likajinyonga likadondoka. Halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, hadi Rosebellah akamletea maji. Anaongea Kiarabu cha Jeddah, cha haraka, Rosebellah akawa ananitafsiria pale nilipokwama.

Akasema nani alikuwa analisha hii. Nikasema mimi. Akauliza nini. Nikataja mchele, chai, mayai, maji. Dawa ya magoti sikuitaja. Akasema mmea huu ukishiba unaota majani, unalala. Ukiachwa na kiu kidogo na jua kali, ndipo unapotoa maua. Akanishika kidevu na akasema hii ya kwangu haina ugonjwa wowote, ila ina mama.

Nikafikiria jambo fulani pale. Lakini halikuwa la mimea, nikaliacha.

Kisha akageukia ile ya kulia. Akamsifu Rosebellah. Akasema huu ni mkono unaojua, mkono wenye subira, ulijuaje kuinyima maji? Rosebellah ni mtu wa kweli mpaka anakera. Akasema yeye hakuinyima. Ilikuwa chini ya mpira wa AC, ikinywa kutwa. Mama Kubwa akatikisa kichwa. Haiwezekani. Ingekunywa kutwa isingechanua hivi. Kuna mtu aliyeiondolea maji.

Madam akatazama chungu, akamtazama Rosebellah, akatazama chungu tena.

Niliona Desemba. Niliiona kabisa, imesimama pale uani na begi langu. Kama maua yametoka kwa sababu ya kiu, na kiu imetoka kwangu, basi maua ni ya nani? Ni yangu! Likizo ni yangu! Ila ili nipate kusema niliyafanya mimi, ilibidi niseme nilivyoyafanya.

Nikasema. Nikainua mkono kama darasani, mkono wenye zambarau, nikasema ni mimi, Mama Kubwa, mimi ndiye nilikuwa naiba maji yake na ndoo. Kila siku. Kwa bidii.

Madam akaweka kiganja mdomoni. Rosebellah akasema neno moja tu. Kumbe. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayepata sahani aliyokuwa akiitafuta. Nikasema na dawa ya magoti pia ni mimi, maana mlango ulikuwa tayari umefunguka.

Mama Kubwa akaweka kikombe chini. Hakucheka sasa. Akauliza kwa nini. Nikasema mtoto wangu anaanza shule. Kiarabu kikaniishia hapo hapo. Nikaonyesha kwa mkono urefu wa Nekesa, kutoka sakafuni. Halafu nikaupandisha mkono kidogo, maana sijui siku hizi anafika wapi.

Madam alitazama pembeni. Mama Kubwa akafuta jicho, labda lilikuwa la kicheko cha mwanzo. Kisha akakata shauri, na nyumba ile hakuna anayebishana naye. Mwenye chungu chenye maua aende Desemba. Velma abaki hadi Machi, maana anapenda sana kumwagilia, na nyumba ya Riyadh isikose mtu wa kumwagilia. Na sakafu aioshe.

Nimeiosha. Zambarau haitoki. Kuna doa lenye umbo la sufuria pale, litanikumbuka.

Alhamisi, 27 Novemba

Tumerudi Riyadh jana. Kabla hatujaondoka Mama Kubwa alinipandisha paani kwake. Akanifundisha taratibu, kwa mikono. Unaingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, unaondoka. Ukiwa mkavu, bado unaondoka. Majani yakianza kuinama, hapo unamwagilia mara moja, unaiacha tena. Mwavuli mafi. Chai mafi. Akasema kazi ngumu kuliko zote ni kukaa na jagi bila kulimwaga. Nikamwambia nimeelewa. Akasema tutaona.

Rosebellah hajanisemesha tangu Jeddah isipokuwa chumvi na sabuni. Leo nimepika ugali na mboga nilizonunua Ghulail, nikamwekea chini ya sufuria, kama alivyokuwa akiniwekea. Akala. Akasema ugali wangu una madonge. Akajiongezea.

Baadaye akaniuliza Kimilili ni mbali na Busia. Nikasema si mbali sana. Akasema basi nimpe hivyo viatu, atavipeleka mwenyewe, na siku ya shule ikifika atakuwa bado yuko, anaweza kumshika mtoto mkono hadi getini, kama napenda.

Nikasema napenda. Nikaenda kukunja taulo.

Jumanne, 16 Desemba

Rosebellah aliondoka juzi. Robinson akampeleka. Nilimfungia viatu kwenye karatasi zambarau iliyobaki. Alipoona ni vya kubandika, akaniuliza si mtoto anajua kufunga kamba. Nikasema anajua, lakini je, asubuhi ikiwa baridi? Je, vidole vikiwa na uji? Akavitia kwenye begi bila kubishana.

Leo amenitumia picha. Yeye na mama yake. Mama ameshika uso wake kwa mikono yote miwili na anautazama kwa karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Halafu nikampigia Nekesa. Nikamwambia shangazi Rosebellah atakuja amshike mkono siku ya shule. Akasema aje, lakini mkono hapana. Yeye ataenda na watoto wa jirani, njia anaijua, alishaenda hadi getini akarudi, kukhu alikuwa anakamua ng'ombe. Akaniuliza ua langu limeamka. Nikasema bado. Akasema niliache lilale, likitaka litaamka.

Nani anamfundisha mtoto huyu?

Basi. Nimeelewa. Mama Kubwa amesema, mama yangu amesema, sasa hata Nekesa amesema, na mimi si mpumbavu. Vyungu vyote viwili viko mikononi mwangu sasa. Nimeviacha. AC zimezimwa, ni baridi, hakuna hata tone. Nimekaa ndani na kazi zangu. Sikutoka. Machi nitakwenda nyumbani na kichwa kipya.

Jioni nilitoka kufunga mlango tu. Ile ya kushoto ilikuwa imeinamisha majani kidogo. Kidogo sana. Nikaingiza kidole: pakavu. Nikaiambia vumilia. Nikaingia ndani. Nikafunga mlango, nikazima taa.

Nikawasha taa.

Kikombe kimoja tu. Kile kidogo cha kahawa. Halafu nikaongeza cha pili kwa ile ya kulia, maana ilikuwa inatazama.